Kilo Moja na Nyongeza

Saa nne asubuhi stendi ya Kibiti haina adabu hata kidogo. Mabasi ya Lindi yanaingia kwa honi, wauza korosho wanagombea madirisha, bodaboda wanamwita abiria ambaye hata mguu hajateremsha. Jumanne moja, katikati ya vurugu hiyo, kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka alikuwa amekanyaga ngazi ya kwanza ya basi la Dar, kakumbatia mfuko wa mchele. Mfuko ukapasuka. Mchele ukamwagika ngazini, juu ya viatu vya kondakta, na ndani ya kikapu cha mama aliyekuwa nyuma yake.

"Bwana, unapanda basi au unapanda mpunga?" kondakta akafoka.

Watu wakaangua kicheko. Kijana akainama kuokota. Basi likamngoja kidogo, likachoka, likaondoka. Akabaki na begi begani na mfuko mtupu mkononi, akageuka kurudi kwenye kibanda alikoununua.

Mwenye kibanda alikuwa Rukaiya Mrisho, na hapa niacheni nisimame kidogo. Alivaa dera la kijani lenye maua meupe, mtandio wa rangi ya maziwa kaubana kwa pini moja ya upande, na uso wake ulikuwa wa mtu anayekaribia kucheka muda wowote. Mbele yake ilipangwa mifuko ya kilo kilo, yote imeandikwa MCHELE MAPARONI.

"Dada, mchele wako umenishusha kwenye basi."

"Pole kaka yangu. Labda umeona huko Dar huna haraka nako."

"Nina kikao saa nane!"

"Saa tano kuna basi lingine. Chukua huu, na huu mwingine wa pole."

Kijana akaipokea ile mifuko miwili, akaipandisha na kuishusha viganjani, akakunja uso. Kisha, wallahi watu wengine wana vituko, akafungua begi na kutoa mizani ndogo ya umeme, akaitua juu ya meza ya watu.

"Gramu elfu moja na tisini," akasoma. Akaweka wa pili. "Elfu moja thelathini na tano." Akachukua wa tatu bila hata kuomba. "Elfu moja na sitini. Dada, kilo yako ina ndugu wangapi?"

"Weee! Umewahi kumwona mtu analalamika kwa kuzidishiwa?"

"Silalamiki, nauliza tu."

"Kwani wewe nani? Mtu wa serikali?"

"Hapana. Naitwa Abdulswamadu Mohamedi, wa Kiongoroni. Niko kwenye mradi wa kusaidia biashara ndogo, upande wa ubora. Kazini wananiita Bwana Mizani."

"Jina limekukaa," Rukaiya akasema, na kile kicheko kilichokuwa kinasubiri kikatoka. "Mie nitakuita Swamadu. Hilo refu litanichosha."

Basi la saa tano likaja, likajaza, likaondoka. Kijana bado yupo kibandani anaulizia namba ya simu. Habari ya kikao iliishia wapi, hata mimi sikupewa.

*

Simu zikaanza siku hiyo hiyo. Kila alfajiri baada ya swala, simu ya Rukaiya ingeita, naye angeiacha iite mara tatu ili asionekane alikuwa ameikalia.

"Bibie, umeamkaje?"

"Nimeamka elfu moja na arobaini."

"Jana ulikuwa elfu moja na ishirini. Nani kakuzidishia?"

"Wewe hapo, na maneno yako."

Kwa simu hizo Swamadu akaijua biashara nzima kabla hajaiona. Mpunga ulitoka Maparoni kwa boti, ukakobolewa Kibiti, kisha ukapelekwa kwenye banda la bati nyuma ya mashine, ambako kina mama saba waliupepeta na kuufungasha. Mkubwa wao alikuwa Bi Siti, shangazi aliyemlea Rukaiya tangu mama yake alipofariki. Mfuko ukishafika kilo kwenye mizani, yule mama aliyeushika aliongeza konzi moja ya mkono wake, akasema bismillahi, ndipo akaubana kwa mashine. Konzi hiyo ndiyo nyongeza. Marehemu bibi yake Rukaiya hakuwahi kumuuzia mtu mchele bila nyongeza, na Bi Siti alisema siku itakayoondolewa, naye aondolewe bandani.

"Na siku ukija kuolewa, mpenzi wangu," Swamadu aliuliza asubuhi moja, sauti kaishusha, "wewe mwenyewe utakuwa na nyongeza?"

"Muulize Shangazi. Mie sijipimi."

Akakata simu, akajifunika uso kwa mtandio, peke yake chumbani. Alikuwa ameshapenda, na alijua.

Sasa, wakati mapenzi yananoga, biashara ikapata bahati na balaa kwa pamoja. Mfanyabiashara mmoja wa Dar, Mzee Nurdini, mwenye maduka matatu Mbagala, akaomba mifuko mia tatu kila wiki. Mzigo wa kwanza ukaenda. Jumapili akapiga simu.

"Binti, mchele wako mtamu. Lakini mifuko arobaini na moja imepasuka njiani. Na wateja wangu wamegundua mmoja mnene, mmoja mwembamba, wanachambua rafu nzima kutafuta ule mnene. Duka limekuwa fujo. Nakupa Jumamosi hii. Ikirudi hivyo hivyo, nachukua mchele kwingine."

Rukaiya akakaa chini kwenye gunia. Kwa kuuza stendi peke yake banda lisingeweza kuwaweka kina mama saba; alikuwa ameshawaambia kwamba bila maduka ya Dar, watafunga mwezi ujao. Akampigia Swamadu. Hakuiacha iite, alipiga yeye.

"Laazizi, njoo. Njoo na mizani yako."

*

Akaja Jumatatu, na koti jeupe la kazini, kofia ya nywele, kalamu tatu mfukoni na rula ya chuma. Kina mama wakatazamana. Mwanajuma, mwenye mwili na maneno, akanong'ona kwa sauti ya kusikika banda zima, "Rukaiya, huyu kaja kuposa au kutupasua?"

Mwanzo ulikuwa mzuri. Alipima mifuko thelathini, akaandika kila mmoja kwenye daftari. Akawaonyesha kwamba mfuko ukijaa kupita kiasi, punje zinaingia kwenye ule ukingo unaobanwa, na ukingo wenye punje haushiki. Rukaiya alimtazama akieleza na moyo ukamjaa. Halafu yule kijana akaharibu.

Bi Siti alikuwa amechota kopo la mchele, limesimama kichuguu juu kama anavyochota siku zote. Swamadu akalichukua mkononi mwake, akalaza rula juu ya mdomo wa kopo, akaipitisha. Kile kichuguu chote kikaanguka chini.

"Hivi," akasema. "Jaza, futa, mimina. Ikifika kilo, basi. Nyongeza hakuna tena."

Kina mama wakaacha kupepeta. Huko delta, visiwa vya Maparoni na Kiongoroni, kipimo kilichofutwa juu kinaitwa mfuto, na mfuto humpimii mtu hivi hivi. Unampimia yule mliyekosana, tena anaelewa palepale bila neno kusemwa. Swamadu alizaliwa huko na alilijua hilo. Lakini alitoka kwenda kusoma Morogoro akiwa na miaka kumi na mitatu, na katika koti lile jeupe hakuwaza kabisa kwamba rula yake imesema kitu.

"Mimi?" Bi Siti akauliza taratibu. "Mimi ndiye nimefutiwa, mbele ya wenzangu?"

Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mizani, akatoka. Watatu wakamfuata.

"Swamadu, umefanya nini?" Rukaiya akasema.

"Nimefanya ulichoniitia. Unataka mzigo upite au hutaki?"

"Nataka upite. Lakini yule ni mama yangu!"

Hapo angeweza kuomba radhi. Lakini alikuwa ameaibika, na mwanamume aliyeaibika mbele ya kina mama ana mdomo mbaya. "Ukarimu haubani mfuko, Rukaiya. Mnachokifanya hapa ni uzembe, mmeuvisha kanga tu."

Machozi yakamlenga Rukaiya lakini hayakutoka.

"Ulikuja kupima mchele au kupima watu?" akasema. "Chukua rula yako. Na namba yangu isahau."

Alipofika nyumbani akaizuia namba yake kwenye simu, kisha akaitazama ile simu jioni nzima kana kwamba yeye ndiye aliyezuiwa.

*

Jumanne akafungua banda na wanawake watatu. Hasira zilikuwa hazijamwisha, lakini mifuko mia tatu ilikuwa haijali hasira za mtu. Akaona heri aendeleze lile daftari aliloliacha Swamadu, angalau ajue anapigana na nini. Akaandika jina la kila aliyefungasha, na uzito. Kisha akapita nyumba hadi nyumba kwa wale waliosusa, kasoro kwa Bi Siti, akiwa na bakuli la mchele na mizani.

"Dada, nipe konzi yako," akawaambia. "Konzi moja tu, niipime."

Mwanajuma, gramu tisini. Hafsa, sitini. Mwingine hamsini na tano. Mpaka Jumatano akawa nayo yote, isipokuwa ya mtu mmoja. Hiyo akaipata kwenye mifuko ya zamani aliyoifunga mwenyewe Bi Siti. Kila mfuko, gramu thelathini na kitu. Rukaiya akafunga daftari haraka, akaona aibu isiyo yake. Swamadu alikuwa sahihi kuhusu uzito. Lakini habari iliyokuwa ndani ya uzito ule, hata yeye hakuisoma.

Wakati huo Swamadu alikuwa Kiongoroni. Alichukua bodaboda hadi Nyamisati, akapanda boti, akaenda kwa mama yake, Bi Mwanahalima, mkaushaji kamba asiyetaka upuuzi. Akamsimulia yote, na si kwa kutubu, kwa kujitetea.

"Sasa Mama, mimi kosa langu nini? Si nilikuwa nawasaidia?"

Mama akavuta sufuria. Akapakua wali. Akaijaza sahani ya mwanawe, kisha akaulaza mwiko ukingoni, akaupitisha polepole hadi upande wa pili. Wali ukalala sawasawa na ukingo. Akamsogezea.

Swamadu akaitazama ile sahani. Katika maisha yake yote hajawahi kuwekewa sahani ya mfuto na mama yake.

"Mama..."

"Kula. Kimetosha, kimepimika, hakuna kilichopungua. Mbona huli?"

Tonge la kwanza akalirudisha sahanini. Akanawa mkono, akaona aibu ya mtoto mdogo, na aibu hiyo ilimfaa. "Nimemkosea yule mama," akasema.

"Umemkosea. Na huyo binti nampenda tangu sijamwona, kwa vile alivyokufukuza. Lete simu yangu."

Kibitini, Rukaiya akapokea namba asiyoijua.

"Mwanangu, mie Mwanahalima wa Kiongoroni. Mama yake yule mpumbavu."

Rukaiya akasimama wima. "Shikamoo Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimemfutia sahani leo. Karibu alie, na umri wake ule."

Rukaiya alitaka kunyamaza kwa heshima, kicheko kikamponyoka. Upande wa pili mama naye akacheka. "Sikwambii umsamehe," akasema. "Nakwambia anakuja kesho, na kuna kitu anakitengeneza tangu mchana, jikoni kwangu hapakaliki kwa vumbi. Kitazame kwanza, ndipo umfukuze tena ukitaka."

*

Alhamisi, saa nne asubuhi, stendi ile ile. Swamadu akashuka kwenye bodaboda, shati limekunjamana, vidole viwili vimefungwa kitambaa. Akasimama mbele ya kibanda, asijue mikono aiweke wapi.

"Vidole vimefanya nini?" Rukaiya akauliza. Alikuwa amejiapiza kuanza na neno kali, likatoka hilo.

"Msumeno. Na tupa."

Akafungua begi, akatoa vifuu saba vya nazi changa, vidogo, vimekatwa midomo na kusuguliwa hadi vinateleza. "Mfuko wenu unabeba elfu moja na hamsini bila kupasuka, nilikuwa nimeiandika daftarini na sikuizingatia. Kifuu kimoja, hamsini. Vyote saba nimevipima. Nyongeza ibaki, Rukaiya. Ila iwe na kipimo."

Rukaiya akakishika kimoja, akakizungusha. Kilikuwa bado kinanuka nazi. Roho ikamlainika, nani asingelainika?

"Nilikukosea," Swamadu akasema. "Lile neno la kanga, natamani nilimeze."

"Hujanikosea mie peke yangu. Twende."

Bi Siti alikuwa kibarazani kwake anachambua kisamvu. Swamadu akavua viatu mbali, akachuchumaa chini ya baraza.

"Shikamoo Shangazi."

Bi Siti akaendelea kuchambua. Jani moja, jani la pili.

"Nilikufutia kipimo mbele ya watu. Mama yangu kanifutia sahani kwa ajili hiyo, na nilistahili. Niwie radhi."

"Marahaba," Bi Siti akasema, ya salamu tu, hiyo ya radhi akaiacha hewani. "Na hayo maganda?"

Rukaiya ndiye aliyemweleza. Alipofika kwenye daftari akasita, kisha akaona kumficha ni kumdharau. Akamsomea konzi za wote, na ya mwisho akaisoma kwa sauti ndogo. "Na yako, Shangazi, thelathini na mbili."

Bi Siti akaacha kuchambua. Akautazama mkono wake, mdogo, wenye mifupa, akaufumba na kuufumbua.

"Mwanajuma tisini, mimi thelathini?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Kwa hiyo aliyebahatika mfuko wangu, miaka yote hii, amepewa theluthi ya alichopewa mwenzake. Naye kalipa sawa." Akakisogeza kisamvu pembeni. "Mama yangu angesema nini? Nilidhani nawazidishia, kumbe nawabagua."

"Hukujua, Shangazi," Swamadu akasema haraka.

"Nyamaza wewe, nafikiri." Akachukua kifuu, akachota mchele jikoni, akaumimina kwenye mizani ya Swamadu. Hamsini. Akamwita jirani achote. Hamsini. Akarudia mwenyewe mara tatu, kila mara anatazama kama anayetaka kuikamata ile mizani ikidanganya. Mwisho akasimama, akajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Leo Alhamisi," akamwambia Rukaiya. "Mifuko mingapi bado?"

"Mia mbili na kumi, na ile tisini ya konzi tuipime upya."

"Na wewe umekaa hapa? Waite wenzako!"

*

Walifanya kazi siku mbili, na banda lilikuwa na utani tena. Kilo kwenye mizani, kifuu kimoja, bismillahi, ukingo unafutwa kwa kitambaa kikavu, mashine inabana. Mfuko wa kumi kila mara ulirudi mizanini, na ukizidi au kupungua, wote kumi wanafunguliwa. Kanuni hiyo aliitunga Bi Siti, si Swamadu. Nyuma ya kila mfuko Hafsa aligonga muhuri: KILO MOJA NA NYONGEZA. Jumamosi gari likapakia.

Jumatatu mchana simu ya Rukaiya ikaita wote wakiwa bandani. Akaweka sauti juu.

"Binti," Mzee Nurdini akasema, "nimehesabu mara mbili. Mia tatu, hata mmoja haujapasuka. Wateja hawachambui tena, mtu anachukua wa mbele anaondoka. Wiki ijayo nipe mia nne."

Vigelegele vilivyopigwa, mashine ya kukoboa jirani ilizimwa watu wakaja kuuliza nani kaolewa.

"Bado," Mwanajuma akawajibu, akimtazama Swamadu. "Lakini tunasubiri."

Swamadu akamsogelea Rukaiya pembeni, karibu na magunia. Unga wa mchele ulikuwa umemkaa kwenye nyusi.

"Nataka kumtuma mjomba wangu Mfaume kwenu," akasema. "Nimtume, au atarudishwa?"

"Mie ungeniuliza siku ya vifuu, ningekujibu palepale," Rukaiya akasema, na hakutazama chini. "Nakutaka, Swamadu. Lakini ile radhi Shangazi hajakutamkia. Bila yeye, sitoki."

"Nitajuaje kama ameshanisamehe?"

"Ijumaa baada ya swala, njoo kula. Yeye hasemi kwa mdomo."

Ijumaa hiyo Swamadu alikaa mkekani na kanzu mpya, kofia kaivua na kuivaa mara tano. Rukaiya aliketi karibu na mlango, dera la waridi, hina mbichi viganjani. Bi Siti akaleta sinia la wali wa Maparoni na mchuzi wa kamba, akaketi, akavuta sahani ya mgeni.

Akapakua mara moja, mara mbili, mara tatu. Wali ukasimama kichuguu. Kisha akaugeuza mwiko, akaulaza ukingoni mwa sahani.

Rukaiya akashika shavu. Mwiko ukapita taratibu, ukafuta, ukafika upande wa pili. Wali ukalala sawasawa na ukingo. Swamadu akainamisha kichwa, akajiambia ataila yote, hata ikimkwama.

Bi Siti akaingiza mkono nyuma ya sinia, akatoa kifuu. Kimoja kati ya vile saba. Akakichotea wali, akakishindilia kwa kidole gumba, akakigeuza juu ya sahani, akakigonga. Kikaacha kilima kidogo, cheupe, kimesimama katikati.

"Ile ya kwanza ni yako kwa haki," akasema. "Hii ndiyo nyongeza."

Swamadu akaivuta sahani karibu. Alimtazama Rukaiya, na Rukaiya alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, hina ikimchafua mtandio.

"Mwambie huyo mjomba wako aje Jumapili," Bi Siti akaendelea, akivuta sahani nyingine. "Tena asichelewe. Haya, kula, mchuzi unapoa."